Hakukuzuia Mtu

Karani aliweza kukaa mbele ya kompyuta mbovu tangu asubuhi hadi alasiri bila kunung'unika, lakini binadamu akikosea kidogo hakumvumilia hata dakika moja. Nilikaa naye baraza moja miaka tisa, mimi na cherehani yangu karibu na mlango, yeye chumbani kando ya dirisha, na katika miaka hiyo nilimwona akirudisha mashine nyingi za watu katika hali yake. Jambo moja tu lilimshinda kwa muda mrefu, nalo ni kuiondoa kauli aliyomtolea mwanawe wa pekee mbele ya watu. Alimwambia kwamba hana radhi naye, na kwamba siku akifa asiguse jeneza lake. Mtu wa kwetu akishasema hivyo na watu wakasikia, hawezi kuifuta kauli hiyo peke yake chumbani.

Tulimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwenye mashamba ya chumvi, hapa Bagamoyo, mpaka kampuni ilipofunga. Ofisi ilipogawa vitu vyake, wenzake walichukua viti na mafeni. Yeye alichukua kompyuta na printa, akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akawa anachapa barua, mikataba ya mashamba, na matangazo ya vifo.

Hewa ya kwetu inakula chuma. Sindano zangu zilishika kutu zikiwa bado ndani ya boksi. Yeye aliifunika kompyuta kwa kanga ya mkewe, na kila asubuhi aliifunua taratibu, akasema bismillahi, akaiwasha. Wakati mashine inawaka hakuitikia salamu ya mtu. Ukimwambia shikamoo aliinua kidole kimoja tu, na ile marahaba ilikuja baadaye, kioo kikishatulia, hata kama aliyeamkia ameshafika sokoni.

Mimi si msemaji, na yeye alilijua hilo akalifanyia mzaha.

"Fundi, leo umeshasema maneno mangapi?"

"Mawili."

"Sasa ni matatu. Usijichoshe."

Aliamini kilichoandikwa kuliko alichokiona kwa macho. Ukimpa habari aliuliza, "Imeandikwa wapi?" Mwaka mmoja alichapa ratiba ya Ramadhani ya mtaa wetu, vidole vikateleza kwenye siku moja, futari ikasogea mbele dakika kumi. Siku hiyo adhana ilipotoka, sote barazani tulikula tende. Yeye alibaki na tende mkononi, anaitazama ratiba ukutani.

"Karani, adhana hiyo," akasema muuza kahawa, mzee aliyekaa na birika lake ngazini kwetu kila jioni.

"Nimesikia."

"Sasa unangoja nini?"

"Imeandikwa saa kumi na mbili na dakika arobaini."

"Si wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo maana nangoja."

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe. Karani hakucheka. Alingoja dakika zote kumi, na koo lake tuliliona likipanda na kushuka.

Watu wengi walimjua kwa kazi ya virusi. Hapa mjini vijana wanaotengeneza kompyuta wana dawa moja: wanafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Wanaita kupiga window. Karani aliichukia dawa hiyo. Alisema ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama. Flashi za wateja alizitundika kwenye misumari ukutani, na kila moja aliihoji kabla haijagusa mashine.

"Hii jana ilichomekwa wapi?"

"Kwa rafiki yangu tu, Karani."

"Huyo rafiki ana rafiki?"

"Anao."

"Basi itangoja."

Alinieleza siku moja, bila mimi kuuliza, kwamba kazi ya kuua kirusi ni ndogo, inafanywa na programu. Kazi kubwa inakuja baadaye. Kirusi kinaweza kuwa kimekufa kabisa, lakini vitu kilivyovifunga vinabaki vimefungwa. Huwezi kuona mafaili yaliyofichwa. Huwezi kufungua ile orodha ya programu zinazotembea. Huwezi kuingia mahali pa kubadilisha mipangilio. Ukijaribu, mashine inakwambia umezuiwa. Ndani kabisa, alisema, kuna mahali ambapo kila katazo limewekwa kwa tarakimu: moja ni kuzuia, sifuri ni kuachia. Fundi anakwenda kwenye katazo moja moja, anafuta moja anaweka sifuri. Na kama njia ya kufika huko nayo imefungwa, anazunguka, anaandika mistari michache kwenye faili dogo la maandishi, analiendesha, kisha njia inafunguka. Hatua zote hizo alikuwa ameziandika kwa mkono kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Alizifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, hata zile alizozijua kwa moyo.

Akimaliza alimgeuzia mteja kioo, akasema maneno yale yale siku zote: "Hakukuzuia mtu."

Wengi hawakuelewa. Waliitikia kwa kichwa, wakashukuru, wakaenda zao. Aliyeelewa ni mama mmoja, mhasibu wa kikundi cha wanawake, aliyekuja na kompyuta ndogo kwapani na macho mekundu.

"Imezuiwa," akasema. "Na aliyeizuia namjua. Nalala naye kitanda kimoja."

"Mumeo anajua mambo ya kompyuta?" Karani akamuuliza.

"Hajui. Lakini ana wivu."

Karani alimwekea kiti ndani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Alifanya kazi kwa saa mbili, kidole kwenye daftari. Kisha akamgeuzia kioo.

"Hakukuzuia mtu. Ni kirusi."

"Si mume wangu?"

"Si yeye. Umeshamwambia kitu?"

"Nilikuwa naanza leo jioni."

"Alhamdulillahi," akasema Karani, na akalirudia neno hilo mara tatu, kwa sauti iliyonifanya nisimamishe mguu kwenye pedali. Yule mama alitoka anacheka. Karani alifunika mashine kwa kanga ingawa ilikuwa bado adhuhuri, akaingia ndani kwake, hakutoka tena siku ile.

Mimi nilijua kwa nini, maana siku alipomkosea mwanawe nilikuwepo.

Mwanawe alikuwa kijana mchangamfu, ananizidi miaka michache. Alijifunza ufundi wa simu Dar es Salaam, akarudi akitaka chumba kile kiwe duka la kutengeneza simu, na kompyuta ihamie pembeni. Baba yake alikataa. Walibishana wiki nzima, bila matusi, ila kwa sauti za juu. Asubuhi moja, mwanawe akiwa ameenda kununua mkate, Karani aliwasha mashine ikawa nzito. Akabonyeza vile vitufe vitatu alivyozoea, ili aone ni programu gani inailemea. Kikatokea kisanduku cha Kiingereza. Kiingereza cha ofisini alikijua vizuri, na hicho ndicho kilichomponza. Alikisoma kwa sauti, kisha akatufasiria sisi tuliokuwa barazani, yaani mimi, muuza kahawa na mzee jirani aliyekuja kutoa kopi.

"Inasema hii imezuiwa na msimamizi wako."

Akajaribu kwingine. Imezuiwa na msimamizi wako. Akatafuta barua za watu alizochapa jana yake. Hazionekani.

"Msimamizi ni nani?" akauliza. "Mashine yangu, chumba changu. Msimamizi ni mimi, na mimi sikujizuia."

Kule kwenye chumvi, msimamizi akitaka kumkomesha karani alilifunga kabati la vitabu na kubandika karatasi mlangoni. Karani alifanya kazi chini ya karatasi za namna hiyo miaka mingi. Kwake yeye, katazo likiandikwa lazima liwe na mwenyewe. Na neno la siri la mashine ile walilijua watu wawili tu.

Mwanawe alirudi na mkate.

"Fungua," baba yake akamwambia.

"Nifungue nini, Baba?"

"Ulichofunga."

Mwanawe akainama, akasoma. "Hiki ni kirusi, Baba. Kimeingia na flashi ya mtu."

"Tangu lini kirusi kikajua kuandika?"

"Hakiandiki. Kinageuza kitu ndani, halafu mashine yenyewe ndiyo inaleta maneno haya."

"Imeandikwa msimamizi. Tunaojua neno la siri ni wawili. Mimi sikufunga. Kabaki nani?"

Hapo mwanawe alicheka. Hakucheka kwa dharau, naamini, alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo. "Baba, acha niipige window, mchana haufiki imeisha."

"Kwanza unanifungia, sasa unataka kunifutia."

"Muulize Fundi!" Mwanawe alinigeukia. "Fundi, jana jioni si alikuja yule bwana wa Makurunge na flashi yake? Mimi nilikuwepo?"

Hakuwepo. Nilimwona yule bwana, na nilimwona Karani mwenyewe akiichomeka flashi kwa mkono wake, maana yule bwana alikuwa na haraka na gari lilimngoja. Wote wakanitazama. Nilikuwa na pini mbili mdomoni. Ningeweza kuzitoa. Niliinamia upindo wa suruali niliyokuwa nashona, na nilipoinua kichwa Karani alikuwa ameshasimama, ameshasema yale ya radhi na ya jeneza. Muuza kahawa akasema, "Astaghfirullah, Karani, rudisha neno." Karani hakurudisha. Mwanawe aliuweka mkate juu ya meza, polepole, akachukua mkoba wake. Tulisikia baadaye kwamba amefungua kibanda cha simu Kerege.

Alivyokuja kuujua ukweli ni hivi. Miezi kadhaa baadaye mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta kompyuta yake, na Karani alipobonyeza vitufe vitatu kikatokea kile kile kisanduku.

"Nani mwingine anatumia hii?"

"Mimi peke yangu," akasema mwalimu.

"Una mtoto mkubwa?"

"Karani, mimi hata kuoa sijaoa."

Karani alimwambia aiache. Jioni ile hakula. Kisha ikaja ya zahanati, na maneno ni hayo hayo, nukta kwa nukta. Ndipo alipoanza kumwomba mwalimu amtolee kwenye mtandao makaratasi ya namna ya kuondoa yale makatazo, akayasoma kwa kalamu mkononi, akanunua daftari. Ile ya kwake mwenyewe ilikaa imefungwa muda wote huo. Aliifungua kwa siku tatu. Barua zote za watu zilikuwemo, hazikupungua hata moja. Nilimsikia akisema peke yake, "Zilikuwa hapa hapa."

Ningependa kuandika kwamba siku ya nne alipanda gari kwenda Kerege. Hakwenda. Alinyoosha mashati, aliwasha mashine, alihoji flashi za watu. Mtu aliyekuwa anaamini karatasi alikuwa ameshindwa kukubali mbele ya watu kwamba karatasi ilimdanganya. Nami sikumwambia niliyoyaona jioni ile ya bwana wa Makurunge. Tulikaa baraza moja, kila mtu na lake, tunaongea habari za umeme.

Mkewe alifariki wakati wa mvua za masika. Mwanawe alikuja kuzika. Kwetu mwanamke anapoingizwa kaburini wanashuka wa damu yake, na mtoto wa kiume ndiye wa kwanza. Kijana alisimama nyuma ya watu wote, amekunja kanzu mpaka magotini, amevua viatu, tayari kushuka. Alikuwa anangoja baba yake amwite. Karani alikuwa mbele, anatazama udongo. Wakati huo alikwishajua yote. Wakashuka kaka wawili wa marehemu na mtoto wa dada yake. Nilimtazama kijana akiteremsha kanzu yake. Alirusha udongo mara tatu kama jirani, akavaa viatu.

Baada ya hapo kanga ya kufunikia kompyuta ilianza kuchakaa na Karani hakuibadilisha. Alipungua mwili. Alikuwa mkali zaidi kwa watu na mpole zaidi kwa mashine. Kuna mteja Karani alimfukuza kwa kuwa mteja huyo alimwita mtoto wake mwenyewe mjinga.

Mzee jirani alitangulia. Kisha, mwaka huu, akafa muuza kahawa. Tuliporudi makaburini Karani alikaa kwenye ngazi, mahali ambapo birika lilikuwa linakaa. Mimi siku chache kabla nilikuwa nimemwambia kwamba nahamia Vigwaza kwa kaka yangu, kuna kazi ya sare za shule.

"Fundi," akasema, "waliosikia siku ile mlikuwa watatu."

"Ndiyo."

"Umebaki wewe. Na wewe unakwenda. Nitaiondoa mbele ya nani?"

Nilimwambia kesho nina nafasi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwambia na ile habari ya flashi, kwamba niliona, kwamba nilinyamaza.

"Pini mbili," akasema. "Niliziona."

Kerege tulifika saa nne asubuhi. Kibanda kiko kando ya barabara kuu, kimepakwa rangi ya bluu. Mwanawe alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, ameota ndevu. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akatuonyesha benchi la wateja. Tukakaa. Karani alikuwa amevaa shati lenye mifuko miwili, kalamu mbili.

"Nimekuja na shahidi," akasema. "Ile kauli niliitoa mbele yake, naiondoa mbele yake. Radhi zangu unazo. Na jeneza langu utalishika wewe. Ile mashine hukuifunga. Nilijua."

"Ulijua lini?"

Karani angeweza kusema jana. Mimi nisingempinga.

"Kabla ya mama yako kufa," akasema.

Mwanawe aliiweka bisibisi chini. Nje lori lilipita, bati la kibanda likatetemeka mpaka likatulia.

"Siku ile nilingoja uniite," mwanawe akasema. "Nilikuwa nimevua viatu."

"Nilikuona."

"Uliniona, usiniite?"

Kwenye daftari lake hakukuwa na mstari wa kufuata hapo. Nilidhani kijana atapiga kelele. Badala yake alishika simu ya mteja, akaigeuza, akaipuliza vumbi.

"Yameisha, Baba," akasema. "Mimi sina neno nawe. Mteja wangu anakuja saa tano, itanibidi niimalize hii."

"Na mimi sikai sana," akasema Karani.

Tukaaga. Kwetu mgeni hatoki peke yake, sembuse mzazi. Mwenyeji anamsindikiza mpaka barabarani, anangoja naye gari. Mwanawe alisema, "Mfike salama," akiwa amesimama nyuma ya meza. Tukavuka lami, tukasimama upande wa pili kungoja gari la kurudi.

Likaja la kwanza. "Limejaa," akasema Karani. Nilichungulia, viti vilikuwa vitupu nusu nzima. Likaja la pili, konda akapiga bati, akaita, "Wazee, Bagamoyo hiyo!" Karani akatikisa kichwa. "Hilo nalo limejaa." Alikuwa amesimama wima, kofia imenyooka, anatazama kule linakotokea gari na si kule kwenye kibanda. Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilimtoka mpaka kwenye mifuko ya shati.

Lilipokuja la tatu nilimshika kiwiko.

"Karani, hili lina nafasi."

"Nimeona," akasema.

Nilimkalisha dirishani, upande wa kibanda. Yeye akahama, akakaa kiti cha ndani, akaniachia mimi dirisha. Gari likaanza kunguruma.

"Katoka?" akaniuliza, macho yake kwenye mgongo wa kiti cha mbele.

Nilitazama. "Katoka."

"Kafika wapi?"

"Ukingoni mwa lami. Kasimama hapo."

"Anatazama huku?"

"Anatazama huku."

Gari liliondoka. Karani aliitikia kidogo kwa kichwa, kama anavyofanya mtu aliyesomewa barua na kuielewa, wala hakugeuka kuhakikisha.